Somo yangu, simu iko kwa fundi

Ngamiani, Tanga
Jumapili jioni

Kwako somo yangu,

Asalaam aleikum. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu.

Usicheke. Nimekaa robo saa na peni mkononi natafuta pa kuanzia, mara mkono ukaanza wenyewe na maneno yale yale ya mwaka 1993.

Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya kufulia Jumatano. Nikaifukia kwenye mchele siku mbili kama watu wanavyoshauri. Mchele tumeula, simu haijaamka. Fundi pale sokoni akaifungua, akaipuliza, akaniangalia kama daktari anavyomwangalia ndugu wa mgonjwa. Kioo kimekufa na mfumo wa chaji umeungua. "Iache hapa mama, njoo Alhamisi." Alhamisi ya fundi unaijua.

Laini nimeitia kwenye kitochi cha wifi yangu, inapokea. Majina ndiyo hakuna, yote yalikaa kwenye ile simu. Anayenipigia ndiye ninayepata namba yake, na wewe somo hupigi, wewe ni wa kutuma sauti WhatsApp usiku wa manane. Nikataka kukupigia mimi, nikakuta namba yako siijui hata tarakimu tatu za mwanzo. Ila sanduku la posta la shuleni kwenu Songea nimelikumbuka palepale, kwa vile nililiandika juu ya bahasha sijui mara ngapi ulipopangiwa kazi huko, kabla hujanunua simu. Ndiyo maana unauona mwandiko wangu leo.

Sasa kuandika huku kumenirudisha Muheza, kwenye mkeka wa bibi. Unakumbuka ulivyokuwa unanikuta pale baada ya chuo, nimepewa karatasi ya daftari na bakuli la karanga? Mjomba alikuwa Mererani, mwanaapolo kwenye machimbo ya tanzanite, mwaka wa pili huo hajaonekana. Bibi hakusoma, kwa hiyo mkono wake ulikuwa mimi. Ananyoosha miguu, anajifunika kanga mabegani, anaanza. "Mwandikie. Mwambie nimezaa watoto sita, watano nawajua walipo." Ananyamaza. Nangoja na peni yangu. "Mwambie kama kafa, aseme."

Nami naandika: Bibi anakusalimu sana na anapenda kujua hali yako.

Hili sijamwambia mtu, wewe ndiye wa kwanza. Nilikuwa na miaka kumi, nikaona maneno yale ni makali, hayakai pamoja na "ama baada ya salamu". Na bibi hakuwa mjinga, tukimaliza anasema, "Haya nisomee." Namsomea alivyosema yeye, siyo nilivyoandika. Anatikisa kichwa, anaridhika, anachukua stempu na kuilamba mwenyewe. Kazi ya kulamba stempu hakumwachia mtu.

Mjomba akajibu baada ya miezi mitatu. Barua kapewa kondakta, ndani mna noti ya elfu moja imefungwa kwenye karatasi ya kaboni isionekane kwenye mwanga. Nikawa nasoma kwa sauti, watu wamejaa barazani, nikafika pameandikwa "mama nimefurahi kuona huna kinyongo na mimi". Kikohozi kikanishika. Nikaruka mstari.

Somo, mama yangu naye kusoma ni kwa shida, lakini mjukuu wake kamwonyesha pa kubonyeza ili aongee, basi tena. Kwa siku sauti tano, sita, kwenye grupu la familia. Anaanza kama matangazo ya vifo ya Redio Tanzania enzi zile, habari ziwafikie fulani wa Korogwe, fulani wa Dar es Salaam, anawataja mmoja mmoja mpaka bando linakata. Halafu ndipo anaingia kwenye lake. Mwezi uliopita kamsema kaka dakika nne nzima: wewe umenona, mwanao anakwenda shule na ndala zimetoboka kisiginoni. Watu ishirini na saba wanasikiliza. Kaka akatoka kwenye grupu, kesho yake wakamrudisha, akaweka picha ya viatu vipya.

Mimi nilishaanza kuilaumu simu, nikasema zamani maneno kama haya yangepita kwanza kwa mtoto wa kuyapunguzia chumvi. Nikajisikia vibaya. Mama kasema neno lake kwa sauti yake, limefika kama lilivyo, hakuazima mkono wa mtu. Bibi hakuipata nafasi hiyo hata siku moja, na aliyemnyima ni mimi.

Yeye mwenyewe neno simu lilikuwa linamtia homa, maana kwake simu ni ile ya maandishi ya posta, na hiyo ikibisha hodi mtu anajifunga kanga kiunoni kabla haijasomwa. Nimesikia neno lenyewe asili yake ni Kiajemi, maana yake waya. Waya umeondoka, jina limebaki. Na homa haijaondoka sana, namba ngeni ikiingia saa nane usiku mimi bado namtanguliza Mungu, kumbe ni yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Mjomba yuko hapa Pongwe sasa, kazeeka, jicho moja halioni vizuri. Barua ile anayo. Alinionyesha mwaka juzi, iko kwenye sanduku la bati pamoja na hati ya kiwanja, mwandiko wangu umelala upande kama mgomba uliopigwa na upepo. Anaikunja taratibu sana. Kaniambia, "Mama alikuwa na moyo mpole, yule."

Jumamosi nampelekea samaki. Nimwambie, au nimwache na barua yake? Nijibu hilo kwanza kabla ya mengine, na chini kabisa niandikie namba yako, tarakimu kubwa.

Nisalimie shemeji na watoto.

Ni mimi somo yako.