Kura, Ardhi na Usiku wa Januari 12: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Barua yako imenifika na nimeisoma zaidi ya mara moja. Unasema wenzako wawili, wote watoto wa Unguja, nusura wapigane bwenini kwa ajili ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964. Mmoja anasema wanyonge walijikomboa. Mwengine anasema wageni waliingia wakachinja watu. Halafu ukaniuliza mimi, nani kati yao mkweli.

Mimi nilizaliwa baadaye, kwa hiyo ninayokuandikia ni niliyoyasoma na niliyoyasikia kwa wakubwa. Lakini una haki ya kuuliza. Babu yako mzaa baba alipewa eka tatu na Serikali ya Mapinduzi, na katika eka zile ndimo nilimokulia. Kaka yake bibi yako mzaa mama alihama na wanawe, na leo wajukuu zake wako Oman. Damu ya wote wawili unayo wewe.

Watu wengi huanza kisa hiki na Sultani. Mimi naona Sultani ndiye sehemu ndogo kuliko zote. Jamshid bin Abdullah alikalia kiti Julai 1963, baba yake alipofariki, na kufika Januari alikuwa hajatimiza hata mwaka. Alikuwa kijana, na mamlaka ya kutawala yalikuwa mikononi mwa Waziri Mkuu, Muhammad Shamte. Kilichoanguka ni mpangilio mzima uliokuwa umejificha nyuma ya bendera yake, na mpangilio huo ulianza na ardhi.

Tangu Seyyid Said alipouhamishia utawala wake hapa kutoka Muscat katika karne ya 19, karafuu ndiyo iliyokuwa uhai wa visiwa. Mashamba makubwa yaliishia kwa wachache, na mikarafuu ikatunzwa na watumwa. Waingereza walipoufuta utumwa mwaka 1897 hawakuigusa ardhi. Basi mtu huru akabaki palepale chini ya mikarafuu: analima muhogo wake na mboga zake, na kwa kulipa fadhila anapalilia shamba la bwana. Hapakuwa na karatasi wala mkataba, ilikuwa ahadi ya mdomo baina ya watu waliojuana, na kwa miaka mingi ilitosha. Ilipokuja siasa, ikavunjika. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wenye mashamba waliokuwa Hizbu, chama kilichoitwa kwa Kiingereza ZNP, wakaanza kuwafukuza wakulima waliosikika kuwa ni wa chama cha Afro-Shirazi, mpinzani wake. Mtu aliyezaliwa pale, na aliyemzika mamaake pale, anaambiwa ang'oe muhogo wake aondoke. Ukitaka kuelewa hasira ya 1964, tua hapo kwanza kabla hujafika kwenye silaha.

Na wala usidhani kuwa Hizbu ilikuwa chama cha Waarabu peke yao. Mwanzo wake unarejea kwa wakulima wa Kiembe Samaki, watu wa pale pale, waliopambana na serikali ya Kiingereza mwaka 1951 kwa sababu ya ng'ombe wao na ardhi yao iliyotakiwa kwa ajili ya uwanja wa ndege. Mpaka leo wazee wanaita Vita vya Ng'ombe. Walikuwepo Waafrika wengi ndani ya Hizbu, na walikuwepo Washirazi wengi, wenyeji wanaojinasibisha na Uajemi, hasa wa Pemba, waliomfuata Shamte katika chama chake cha ZPPP, kilichokuja kuungana na Hizbu. Ndiyo maana sipendi mtu anaponiambia kuwa kile kilikuwa kisa cha rangi mbili tu. Rangi ilitiwa chumvi mwaka hadi mwaka, katika magazeti na majukwaani, mpaka watu wakaacha kuzikana. Wazee huuita wakati ule zama za siasa. Harusi ya mtu wa chama kile huendi, duka lake hununui, gari lake hupandi.

Halafu njoo kwenye kura. Januari 1961 Afro-Shirazi ilipata viti 10, Hizbu 9 na ZPPP 3. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, serikali ikashindikana. Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka ule ule, zikazuka fujo, wakafa watu 68. Kumbuka idadi hiyo, nitairudia. Safari hii Afro-Shirazi na Hizbu zikawa 10 kwa 10, na ZPPP kwa viti vyake 3 ikaungana na Hizbu, wakashika serikali. Uchaguzi wa Julai 1963 ndio ulioamua kila kitu. Afro-Shirazi ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, lakini katika viti 31 ikaambulia 13. Hizbu ilipata 12 na ZPPP 6, wakaungana tena. Kura za Afro-Shirazi zilirundikana katika majimbo machache iliyoshinda kwa wingi mkubwa, na wenzao wakashinda mengi kwa kura kidogo kidogo. Kisheria hakuna aliyeiba. Lakini mwambie mtu wa Ng'ambo, mitaa ya wanyonge mjini, kwamba wenzake ndio wengi, na serikali si yao, na uhuru unakuja Desemba ukiwa mikononi mwa waliopata kura chache. Utamwambia asubiri nini?

Uhuru ulikuja Desemba 10, 1963, na serikali ile ilidumu siku 33. Katika siku hizo chache ilifanya mambo ambayo mpaka leo siyaelewi. Ilikipiga marufuku chama cha Umma cha Abdulrahman Babu. Iliwaachisha kazi polisi wengi waliotoka bara, watu waliozijua kambi zote na ghala zote za silaha, ikawaacha mitaani wakiwa na hasira na bila mshahara. Na Waingereza walikwisha kuondoka, hawakuacha mkataba wa kuilinda.

Usiku wa kuamkia Januari 12, 1964, watu mia kadhaa, wengi wao vijana wa Afro-Shirazi, wakiwa na mapanga, mikuki na bunduki chache, walivamia kambi za polisi za Ziwani na Mtoni. Ghala la silaha lilipovunjwa, kazi ilikuwa imekaribia kwisha. Polisi wa kituo cha Malindi, hapa mjini Unguja, walikaza zaidi, lakini nacho kikaanguka. Shamte aliomba msaada nje asipate. Sultani alipanda meli yake, Seyyid Khalifa, na safari yake ikaishia Uingereza. Redioni ilisikika sauti ya John Okello, mtu wa Uganda aliyekuwa akiishi Pemba, akijiita Fildi Masho, yaani jemadari mkuu, na kutoa vitisho ambavyo waliovisikia hawakuvisahau. Muda si muda Mzee Abeid Karume, kiongozi wa Afro-Shirazi, akawa Rais, Babu na Kassim Hanga wakaingia serikalini, na Okello mwenyewe hakumaliza miezi mitatu kabla ya kuzuiwa kurudi Zanzibar. Kwa hiyo rafiki yako anayesema wageni waliingia, muulize: mgeni mmoja aliwatoa wapi wale wenyeji wote waliomfuata?

Na yule mwengine, anayesema wanyonge walijikomboa, naye muulize swali langu. Nani waliouawa kule mashamba, vijijini?

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole, mwanangu. Serikali iliangushwa kwa saa chache. Mauaji yaliendelea kwa siku kadhaa baada ya hapo, wakati hapakuwa na askari wa kupigana naye tena. Na waliouawa kwa wingi hawakuwa wenye mashamba makubwa wala mawaziri. Walikuwa Wamanga, watu waliotoka Oman wakiwa maskini, wenye vijiduka vya kuuza mafuta ya taa na sukari kule vijijini. Wale wale ndio waliokuwa wengi katika maiti 68 za Juni 1961. Hawakuwa na ardhi ya kumfukuza mtu. Waliuawa pamoja na wake zao na watoto wao kwa sababu walikuwa karibu, na walikuwa Waarabu, na hawakuwa na mlinzi. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo, kuanzia mamia mpaka maelfu mengi, na haikuundwa tume ya kuwahesabu. Hilo ninaliona deni.

Ardhi ilitaifishwa Machi 1964, na baadaye babu yako akapata eka zake. Skuli na hospitali zikawa bure, na mimi nilisoma kwa sababu hiyo. Muungano na Tanganyika ukaja Aprili 26. Lakini kura, ile iliyokuwa chanzo cha malalamiko, ikakaa kabatini: Wazanzibari hawakuchagua wawakilishi wao mpaka 1980. Hanga na Othman Sharif, waliokuwa nguzo za Afro-Shirazi, waliuawa mwaka 1969 na serikali ya chama chao wenyewe. Karume naye alipigwa risasi Kisiwandui, Aprili 7, 1972.

Kwa hiyo sitakuchagulia mmoja kati ya rafiki zako. Kudhulumiwa kulikuwa kweli, na mauaji yalikuwa kweli, na la kwanza halilipi la pili. Anayekusimulia moja akaliruka jengine, mpe heshima yake lakini usimwamini.

Ukija likizo nitakupeleka Nyaraka, jumba la kuhifadhia kumbukumbu za zamani kule Kilimani, ukayaone mwenyewe magazeti na matokeo ya uchaguzi ya 1963. Baada ya hapo tutakwenda kwa babu yako. Masikio yamepungua, kwa hiyo kaa upande wake wa kulia, muulize alikuwa wapi usiku ule, na andika anavyosema bila ya kumsahihisha. Kisha tutawapigia simu jamaa wa mama yako walioko Muscat, uwaulize swali hilo hilo.

Mamako anakusalimu sana. Pesa za vitabu nitatuma mwisho wa mwezi, inshallah.

Wako,
Babaako