Mwanangu, ukifika Panama panda ndege

Mama, hujambo? Sisi huku Tanga wazima, mama yako presha imeshuka kidogo, dawa anakula ila chumvi bado anaiba. Nimeona niandike maana kwenye simu nikianzisha hili jambo unanikata, baba usijali baba usijali, na mi nataka niseme mpaka mwisho.

Kaka yako kaniambia. Wewe hukuniambia. Anasema mtihani ukiisha hurudi kwanza, unatoka hapo Houston unashuka Mexico na wenzio wawili, mabasi kwa mabasi mpaka Peru, na mmeapa hampandi ndege hata moja, nchi kavu mwanzo mwisho, eti kama kwenye atlasi ya baba. Hayo maneno ya mwisho ndo yamenikosesha usingizi siku ya tatu leo.

Mwanangu, Darién, ule msitu wa mpakani Panama na Colombia, usipite.

Barabara ile kubwa ya Amerika inatoka Alaska kule juu mpaka Ushuaia, Argentina, watu wanaihesabia kama kilomita 30,000. Sasa ikifika Yaviza, Panama, lami inaisha. Inaanza tena Turbo, Colombia. Katikati hapo kama kilomita 100 hamna barabara kabisa, ni msitu, milima, mito na vinamasi. Na si kwamba watu wamesahau kuijenga. Wenyeji wa mle, Waguna na Waemberá, wengi hawaitaki, msitu wenyewe ni hifadhi ya taifa tangu 1980, alafu kuna habari ya ng'ombe, Wamarekani waliogopa barabara ikipita ule ugonjwa wa miguu na midomo utapanda kaskazini kutoka Amerika Kusini. Hilo la ng'ombe mi nalielewa vizuri, unajua zizi letu lilivyokuwa.

Jana nimeitoa ile atlasi. Mchwa wamekula pembeni upande wa Greenland lakini Panama ipo salama. Nimevaa miwani nikaangalia. Mstari wa barabara pale umekatika, sehemu ndogo tu, haizidi ukucha wa kidole changu cha mwisho, na kalamu nyekundu imepita juu yake moja kwa moja, tena wino umekolea pale kuliko sehemu nyingine maana mkono ulipita mara mbili. Uliniuliza siku ile kama pale panapitika, na najua unakumbuka nilichokujibu. Jibu lililotakiwa ni kwamba hapapitiki. Ndo nakupa leo.

Najua utasema watu wamepita. Ndiyo wamepita, mwaka 2023 peke yake walipita zaidi ya 500,000, kina mama na watoto wachanga, na Waafrika wenzetu wamo. Wale walikuwa hawana njia nyingine mama. Wengine mto umewachukua, wengine wameporwa, mabinti wamefanyiwa mambo ambayo siwezi kuyaandika kwa mtoto wangu. Wewe una pasi, una hela ya tiketi, unakwenda kutembea. Huwezi kwenda kutembea mahali ambapo wenzio wamepita wanalia.

Na hata kwenye vile vitabu nilivyobakiza nilipofunga meza yangu pale stendi, hakuna aliyelisifu hilo eneo. Waskochi walikwenda kuanzisha koloni hapohapo Darién mwaka 1698, kama watu 2,500, ndani ya miaka miwili wengi wao wamekufa kwa homa na njaa, waliobaki wakakimbia, na sehemu kubwa ya hela ya nchi yao ikapotelea mle. Huyo Stephens wako wa magofu ya Wamaya, yule mwanasheria aliyeyanunua magofu ya Copán, Honduras, kwa dola 50, wewe ulikuwa unampenda, mwisho wake unaujua? Alikwenda kusimamia reli ya Panama, afya ikamharibikia huko, akafa 1852 ana miaka 46. Na hiyo ni Panama ya reli, sio Darién. Vitabu mnavisoma mpaka pale panaponoga mnaacha.

Mi nilikuwa nauza vitabu vya mtumba, nilikuwa nafungua maboksi nachagua vya Amerika naweka pembeni, mama yako anasema vile vya hesabu na Kiingereza ndo vingeuzika. Hela ya ada yako ya fomu tri ilichelewa mwaka ule, mengine tuyaache.

Lakini safari yenyewe sikukatazi, sikiliza vizuri. Nimefurahi. Mtoto wa Tanga anaongea Kispanyola na anajua kusoma ramani, nimewaambia mpaka watu wa msikitini. Ningekuwa na miguu yako ningeanzia Yucatán, hukohuko Mexico, na wewe anzia Yucatán. Kuna bandari ndogo inaitwa Sisal, karibu na Mérida. Jina la mkonge kwa Kizungu limetoka hapo, maana nyuzi zilikuwa zinasafirishwa kwa bandari hiyo. Huku kwetu mkonge uliletwa na Mjerumani, Hindorf, mwaka 1893, miche 1,000 ilitoka Amerika, iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62. Sitini na mbili mama! Mashamba ya mkonge toka Korogwe mpaka Muheza yalianza na ile 62, na babu yako kaja manamba kutoka Songea kwa ajili ya hiyo, mikono yake uliiona, ile miba ya nchani haikumwacha hata alipostaafu. Sasa na kule Yucatán Wamaya walikuwa wanakata mkonge hivyohivyo, wamefungwa na madeni ya tajiri, deni la baba linarithiwa na mtoto. Kale ka bandari nenda kasimame, nipigie picha ya maji. Kama kuna shamba la zamani limebaki na mtambo wa kukamua, upige picha nao, nataka niulinganishe na korona, ile mitambo ya kukamua mkonge ya huku.

Mwambie mwanamke yeyote wa huko akuoneshe mahindi. Mahindi tumeyapata kwao, muhogo kwa wenzao wa Amerika Kusini, korosho Brazili, Mreno ndo kabeba, lakini kitu kimoja kilibaki kule. Wao mahindi wanayachemsha na chokaa, wanayalaza usiku kucha, asubuhi wanayafikicha kwenye maji maganda yanatoka, ndo wanasaga yakiwa bado na maji, wanafanya mikate kama chapati ndogo. Mahindi yalipokwenda Ulaya bila ile chokaa, maskini waliokula mahindi matupu wakaugua ngozi na akili kuchanganyikiwa, miaka na miaka hawajui sababu. Mama yako haamini chokaa inaweza kuliwa. Anasema ya kwenye kinu cha tambuu sawa, lakini si kwenye mahindi. Muulizie kipimo, kilo moja chokaa kiasi gani.

Cusco, huko Peru, ni juu sana, mita 3,400, siku mbili za kwanza usikimbie kimbie, kunywa ile chai yao ya majani ya coca, lala. Machu Picchu, ule mji wa magofu wa Wainka, utasikia Mmarekani Bingham kaigundua 1911. Alikuta watu wanalima pale na mtoto mdogo ndo aliyempitisha magofuni. Kwa hiyo kila unapofika uliza mwenyeji, mtoto au mzee, usiulize kitabu. Na mi niulize, ila kwa mambo ya Darién nimeshajibu.

Ndege ya kutoka Panama City mpaka Cartagena ni kama saa moja na kitu. Saa moja! Kama hao wenzio wanang'ang'ania nchi kavu waache waende, wewe panda, mtakutana mbele kama Mungu akipenda. Na kama shida ni hela sema, nina ile ya mbuzi watatu niliowauza Idi, paa la jikoni linavuja lakini mvua za mwaka huu zimekaribia kuisha, fundi anaweza kusubiri.

Mdogo wako anaomba daftari zako za baiolojia, ziko kwenye sanduku gani? Shangazi yako wa Pangani anauliza kama harusi ya Desemba utakuwepo maana wanataka kukata sare, nimemwambia akukatie, gauni lako saizi ileile au umenenepa huko.

Kwenye atlasi nimeweka karatasi nyeupe kwa gundi juu ya ule ukucha, wino mwekundu unaonekana kwa mbali bado. Ukishakata tiketi ya Panama nitumie picha yake WhatsApp, iwe na jina lako na tarehe. Simu sizimi usiku.

Baba yako