Ukiuliza "nipige dawa gani?", utatajiwa dawa tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wakulima wenzangu wa Tabora wanaotafuta ushauri kwenye makundi ya WhatsApp. Kila msimu swali ni lilelile: "Mahindi yangu yanageuka njano, nipige dawa gani?" Majibu huja haraka, kila mtu na dawa yake. Wa kulaumiwa si wanaojibu peke yao. Swali lenyewe limeshakata shauri kwamba kinachotakiwa ni dawa.

Njano ina sababu nyingi. Ikianzia kwenye ncha za majani ya chini, ikafuata uti wa jani kuelekea shina kwa umbo la V, mahindi yana njaa ya naitrojeni, kirutubisho cha kukuza majani. Kwenye udongo wa kichanga mvua kubwa huizamisha chini ya mizizi. Hapo kinachohitajika ni mbolea ya kukuzia, na dawa ya wadudu haitasaidia kitu. Ikianzia kwenye majani machanga ya juu, huenda salfa ndiyo imepungua. Usiposema njano imeanzia wapi, hata bwana shamba hodari atabahatisha.

Andika hivi: "Niko Urambo, udongo wa kichanga. Mahindi yana wiki 5, nilipandia mbolea ya DAP, sijaweka mbolea ya kukuzia. Mvua kubwa imenyesha wiki nzima. Majani ya chini yanageuka njano kuanzia ncha, ya juu bado ni kijani. Sababu yaweza kuwa nini, na niangalie nini ili nihakikishe?" Hayo maneno ya mwisho msiyaache kabisa. Yanamlazimu anayejibu atoe sababu, nawe unakwenda shambani kuikagua kabla hujatoa hela.

Picha zipigwe mchana: shamba kwa mbali, mche mzima, kisha jani kwa karibu. Kama ni kiwavi, mpige picha kichwani na mkiani. Kiwavijeshi vamizi ana alama ya Y iliyopinduka usoni, na madoa manne yaliyokaa kimraba karibu na mkia.

Taja pia ulichokwisha kuweka na kiasi chake, hata kama kilikuwa kosa. Watu huficha hapo, wakashauriwa kurudia kilekile.

Nanyi mnaojibu, tafadhali ulizeni umri wa mahindi kabla ya kutaja jina la dawa.

Mdau wa kilimo,
Urambo, Tabora