Mwanangu, sio kwamba kingereza huwezi

Mwanangu,

Jana usiku nilikuona ulivyoitupa simu kitandani ukasema "mimi kingereza basi, siwezi", nikataka kuongea lakini nikaona bado una hasira nikanyamaza, ndo nakuandikia sasa hivi usome ukiwa umetulia.

Niliichukua ile simu nikaangalia ulivyocheza Wordle yako, ule mchezo wa kubahatisha neno la kingereza la herufi tano kwa nafasi sita, herufi iliyokaa mahali pake inakuja kijani. Neno la pili uliandika light, i-g-h-t zote zikaja kijani, l tu ndo ikakataa, hapo kila mtu anaona kashamaliza. Ukaja na might, night, right, sight, nafasi sita zikaisha, jibu likawa tight. Sasa niambie hapo kingereza kimekushinda wapi? Hayo maneno yote unayajua na maana zake unazijua. Kilichokuangusha ni kwamba huo ukoo ni mkubwa, ukiongeza fight na eight wanafika wanane kwenye mlango mmoja, na wewe ulikuwa unamgongea mmoja mmoja.

Ungefanya hivi. Ukishaona kijani nne, achana nazo kwanza, nafasi ya tatu andika firms. Najua sio jibu na haifanani na jibu, lakini inapima f, r, m na s kwa mpigo mmoja, yoyote ikiwaka rangi umeshalijua neno, na zote zikikataa wanabaki watatu tu, night, tight na eight, na wewe una nafasi tatu mkononi. Hukosi. (Kama umewasha ile hali ngumu, inayokulazimisha kurudia herufi ulizokwisha kuzipata, hapo haitakubali, zima.) Halafu t, nadhani uliiruka kwa sababu ilishakaa mwisho ukaona haiwezi kurudi, inarudi mwanangu, herufi kurudiwa ni kawaida kabisa. Na eight watu wengi wanaisahau kwa sababu inaanza na irabu.

Tena yule Josh Wardle aliyeitengeneza, kabla hajaitoa kwa watu mwaka 2021, mwenzi wake alipitia maneno ya herufi tano kama 12,000 akabakiza kama 2,500 ambayo yeye mwenyewe anayafahamu. Kwa hiyo majibu ni maneno ya watu wa kawaida, usijitishe kwamba kuna kamusi nzima inakusubiri.

Ila lililoniuma ni ile "siwezi", kwa sababu hata mimi nilishaisema. Nilikuwa mdogo kuliko wewe, nikasimama darasani nikasoma knife nikaitamka na k yake, "kinaife", darasa zima likacheka na mwalimu naye akacheka, nikakaa muda mrefu sana sinyooshi mkono kwenye somo la kingereza. Nimekuja kujua ukubwani kwamba Waingereza wenyewe zamani walikuwa wanaitamka hiyo k! Knife, knock, kneel, known, zote, mpaka kwenye karne ya 17 hivi ndo ikawa imewatoka mdomoni, kwenye maandishi ikabaki. Na gh ya night vilevile ilikuwa na sauti yake ya kukwaruza kooni, jirani na kh yetu ya kheri. Mashine ya kuchapa vitabu iliingia kwao 1476, tahajia zikaanza kuganda huku midomo inaendelea kubadilika, ndo maana leo unaandika kitu ambacho hakisikiki. Sisi tunaandika tunavyotamka, kwa hiyo mtoto akisoma kila herufi aliyoiona hajakosa akili, kasoma vizuri kabisa kwa sheria anayoijua. Natamani mtu angeniambia hivyo siku ile.

Angalia na hawa ough, wote herufi tano. Rough ni rafu, hiyohiyo tunayosema fulani kacheza rafu, tough inaenda nayo, cough inaanza kama kofia, halafu dough inaishia kama do na bough inasikika bau. Mkia mmoja, sauti nne. Usitafute mantiki hapo, kaa nao uwazoee kama unavyozoea watu wa nyumba moja wenye tabia tofauti.

Kwenye daftari lako nimeona umeandika maneno kwa kufuata a mpaka z. Mimi naona upange kwa koo, wa ight pamoja, wa ound pamoja (found, round, sound, pound, bound), na wale wenye herufi zilezile zilizohama viti, kama heart na earth, moyo na dunia, ni kama vile lima na mali kwetu. Na kila neno liandikie sentensi yako mwenyewe, usinakili.

Sasa na mimi nisaidie, nimekwama tangu asubuhi. Nina a-t-c-h kijani zote, nimebakiza nafasi tatu, na mlangoni wapo b, c, h, l, m, p na w. Nimepata neno moja la kupima linaloanza na c, lina l, m na b ndani yake, sitakuambia ni lipi. Wewe nitafutie la kupima hao waliobaki, ukilipata niandikie hapohapo chini ya barua uniachie mezani.

Mama yako