Kwa mdogo wangu anayetaka kuhamia mlimani

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti, shemeji yako akipepeta mbaazi pembeni yangu. Uliutuma saa nane usiku, na kabla sijafika mwisho nilishajua kwamba una siku nyingi hujalala vizuri. Unasema mmechoka, wewe na wifi. Nyumba mnayopanga Nkuhungu imezungukwa na ujenzi, watoto wanaamkia televisheni na kulalia simu, mchicha mnaonunua hamjui umepuliziwa nini, na mshahara unaishia kwenye kodi na ada. Mnataka mlima. Mnataka watoto waone chakula kinakotoka, wakue bila kuchapwa, wajue kazi ya mikono, na ninyi wawili mgawane kazi za nyumbani bila kuulizana ipi ya mke na ipi ya mume. Ukamaliza hivi: "Dada, tutafutie mahali ambapo hakuna atakayetuingilia."

Sentensi hiyo nimeilalia wiki nzima. Nakujibu hadharani kwa sababu hata wengine wameniuliza hivyo hivyo tangu Dodoma ianze kujaa, na nikimjibu mmoja mmoja nasahau niliyomwambia mwingine. Mahali hapo msipatafute. Tafuteni mahali ambapo watu wana haki ya kuwaingilia, na haki hiyo wanaitumia.

Hukuwahi kuambiwa kilichotupata mara ya kwanza tulipoondoka mjini. Tuliona aibu. Tulipenda mteremko mmoja, wilaya nyingine kabisa, kwa sababu ukisimama pale jioni unaona bonde lote na husikii sauti ya mtu. Dalali alituuzia ekari nne. Karatasi ilikuwa na sahihi ya muuzaji na ya mashahidi wawili, wote rafiki zake. Ofisi ya kijiji hatukufika, tukajiambia kwamba sisi hatutaki siasa, tunataka amani yetu. Miezi tisa tuliishi pale kama wageni wa hotelini. Usiku mmoja binti yetu wa pili alipandisha homa mpaka akawa anatetemeka, shemeji yako akaenda kubisha hodi. Nyumba ya kwanza walizima taa. Ya pili walifungua, wakatupa pole, lakini hawakujua sisi ni akina nani wala wa nani, na usiku ule kulikuwa na maneno ya wezi wa mifugo. Tulimbeba mgongoni kwa zamu mpaka barabarani. Malaria ilikuwa imeshakuwa kali. Alipona, lakini mimi njia ile naitembea mpaka leo ndotoni.

Mwaka uliofuata tukaambiwa shamba letu limekaa juu ya njia ya mifugo kwenda kwenye maji. Ilikuwa kweli. Mzee mmoja alituonyesha mawe ya mpaka ambayo sisi tulikuwa tumeyang'oa tukajengea jiko. Hawakutuonea, mdogo wangu. Sisi ndio tulioingia kwa dirishani.

Kwa hiyo hili la sheria lisome polepole, hata kama linachosha. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Halmashauri haiwezi kumgawia mtu ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia, na mkutano mkuu ni kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi. Mkipata, ombeni hati ya hakimiliki ya kimila, na majina yaandikwe mawili, lako na la wifi. Muulize mtendaji muhtasari wa mkutano uko wapi. Kijiji ambacho mtendaji anakuambia "hilo tutalimaliza mimi na wewe" kiageni palepale.

Huku tuliko sasa ni kwenye milima ya Irangi, wilayani Kondoa, mashariki ya barabara kuu ya Babati, upande wa Haubi. Jina la kijiji nitakupa kwa simu. Ukipita leo utaona majani na miti mabondeni, utadhani ndivyo palivyo tangu enzi. Shuka kwenye korongo moja utaelewa: kingo za udongo mwekundu zina kimo cha nyumba, na mizizi inaning'inia juu ya kichwa chako. Milima hii ilikuwa inaliwa na maji ya mvua. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ule HADO ambao baba alikuwa akiutaja, na mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kutoka katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, hata punda wa kubebea mizigo. Jirani yangu alikuwa msichana mdogo. Anasimulia asubuhi waliyoamka zizi liko tupu, na mama yake akakaa na kibuyu cha maziwa mapajani, kikavu, hasemi kitu.

Sikuambii kwamba hiyo ilikuwa hiari. Ilikuwa amri, na watu waliumia, kama babu yetu alivyoumia kwenye Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, ile ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, alipoambiwa aache tembe lake akajenge kwenye mstari. Na waliojaribu kwa hiari yao hatukuwalinda: pale Litowa, Songea, mwanzoni mwa miaka ya 1960, familia zilikubaliana wenyewe kuishi na kulima pamoja, vijiji vingine vikafuata, na mwaka 1969 chama chao kikavunjwa. Unapotafuta maisha ya aina nyingine nchi hii, wewe si wa kwanza. Wapo walioyatafuta kabla yetu na wakalipa.

Kilichonivuta huku ni kilichofuata baada ya amri. Miaka ya mwisho ya themanini wakaanza kuruhusu ng'ombe wa maziwa wa kufungwa bandani na kukatiwa majani. Mradi wenyewe uliishia katikati ya miaka ya tisini, magari yakaondoka, na hapa kwetu watu wakaendelea kukata mabingobingo na kuyabeba kichwani kupeleka bandani. Hapa mtu akifungulia mbuzi juu ya mteremko, anaitwa. Mimi nimeshaitwa. Si kwa mbuzi, ni kwa kukata mti mmoja uliokuwa unatia kivuli mbogani, juu ya chemchemi. Nilisimama mbele ya kamati ya maji nikiwa na miaka arobaini kasoro, nikatozwa faini na kuambiwa nipande mitano na kuimwagilia mpaka ishike. Siku ile ndiyo nilijua nimefika nyumbani. Nilikuwa na ndugu wa kunikemea.

Mkutano uliotupokea ulikaa chini ya mkuyu. Tuliulizwa tunatoka wapi, tunaabudu nini, tunalima nini. Shemeji yako akaeleza vizuri mambo yetu: hatutumii dawa za dukani shambani, watoto hatuwachapi, kazi tunagawana. Watu walisikiliza, wengine walicheka kidogo, hapakuwa na ubaya. Kisha mzee mmoja aliyekuwa amekaa juu ya mzizi akauliza bila kuinua kichwa: "Mkigombana ninyi wawili, mtamwita nani?"

Tukatazamana. Mama yuko Hombolo. Wewe uko mjini. Mchungaji wetu yuko mbali. Tukasema tutazungumza wenyewe.

"Basi bado hamjahamia," akasema. Mkutano ukaahirisha shauri letu mpaka kikao kingine, miezi mitatu. Tulirudi na majina ya watu wawili, mzee na mkewe, tuliowaendea na sukari na khanga tukawaomba wawe wazazi wetu wa kijijini. Tumewaita mara mbili. Mara ya pili mama huyo alinikalisha jikoni kwake toka adhuhuri mpaka taa zikawashwa, na aliyoniambia sikuyapenda hata moja.

Sasa kuhusu hayo mnayoyaamini. Mengine yatakaa, mengine yatabadilika, na mengine mtayaacha wenyewe kwa kuwapenda watu. Sisi tulitaka nguruwe. Majirani zetu wengi ni Waislamu na maji yetu yanapita kwao. Hakuna aliyetukataza. Tuliacha, na Ramadhani ikifika sahani za futari zinapanda hadi mlangoni kwetu, nasi Krismasi tunamwomba jirani atuchinjie, ili tule sote.

Shemeji yako huchota maji na kubeba ndoo kichwani, kwa sababu njia ya chemchemi haipitiki kwa baiskeli. Mwanzoni watoto walimfuata wakishangilia. Wanaume wakamwita kando. Hakuna mwanamume mwingine aliyemuiga mpaka leo, nisikudanganye. Wameacha tu kumwuliza.

La viboko ni gumu zaidi. Unasema mtawafundisha watoto nyumbani. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inakutaka umwandikishe mtoto akitimiza miaka saba, na hata kama isingekuwepo, mtoto asiyesoma na wenzake kijijini hana kijiji. Mimi niliingia kamati ya shule. Nikamsomea mwalimu mkuu kanuni za mwaka 2002: viboko visizidi vinne, na ni mwalimu mkuu au aliyepewa idhini yake kwa maandishi, si kila mwenye fimbo. Hakukasirika. Alinionyesha darasa la kwanza, watoto wamebanana kwenye madawati mpaka wengine wako sakafuni, mwalimu mmoja. Nikakubali kwenda mara mbili kwa wiki kusaidia kusomesha. Darasa la kwanza na la pili fimbo imeondoka. Madarasa ya juu bado, na inaniuma kila nikipita dirishani.

Shambani tunatumia samadi, majivu na mwarobaini. Viwavijeshi vamizi walipoingia kwenye mahindi, tuliokota kwa mkono alfajiri, jani kwa jani, tukatia majivu kwenye moyo wa mhindi. Tulivuna magunia matatu mahali ambapo jirani aliyepuliza dawa alivuna saba. Mwaka ule alitupatia debe mbili. Tangu hapo mahindi tumepunguza, tumeongeza uwele na mtama, na mbaazi pembezoni. Pesa ya mbaazi usiihesabu kabla hujaishika: mwaka 2017 India ilipobana uagizaji, huku watu waliuza kwa bei ya kutupa na wengine wakazipika mpaka wakazichoka. Mimi naandika hesabu za watu wa mjini kwa kompyuta ya umeme wa jua, ndiyo inayonunua daftari na sabuni. Msije bila kazi ya aina hiyo.

Chanjo za watoto msizijadili. Wifi aliandika kitu kuhusu hilo nami namheshimu, lakini kliniki ya kijijini ni siku moja kwa mwezi na watoto wote wa jirani zangu wanakwenda. Wa kwenu watakwenda.

Mlima gani? Umenitumia picha za Kiboriani kule Mpwapwa. Ni pazuri, na pana ubaridi mtamu, lakini msitu ule wa juu ni hifadhi, haugawiwi mtu. Ulizeni vijiji vya chini yake. Popote mtakapokwenda, kabla ya kupenda mandhari tafuteni njia ya maji. Tarehe 3 Desemba 2023 mlima Hanang ulishusha tope na mawe juu ya Katesh na vijiji vyake, watu zaidi ya 80 wakafa, na kutoka hapa si mbali. Waulize wazee mvua kubwa hupita wapi, kisha jenga pengine. Nyumba yetu ni ya matofali mabichi, hatukutaka kukata miti ya kuchomea. Masika ya kwanza ukuta wa magharibi ulilainika kama ugali, tukauokoa kwa kurefusha paa. Ukutani bado kuna alama ya kiganja cha shemeji yako alipouegemea usiku ule akiukinga.

Msije Mei, kila kitu kikiwa kimeiva na watu wana nafasi ya kucheka. Njooni Oktoba. Chemchemi huwa imebaki uzi mwembamba, unaweka ndoo na kusubiri, na foleni huanza saa kumi alfajiri. Hapo ndipo mtawaona watu wetu na wao watawaona ninyi. Kaeni wiki mbili. Watoto watalala na binamu zao, ninyi mtapewa chumba cha mbegu, kina harufu ya alizeti lakini kikavu.

Pandeni basi la asubuhi stendi ya Nanenane, mshuke Kolo, shemeji yako atakuwa pale na punda. Chukueni ndoo mbili zenye mifuniko, chumvi, na blanketi la mtoto mdogo, kwa maana upepo wa usiku hauna huruma. Mama mwambie mimi ndiye niliyewaita. Na usiku wa kwanza, kabla hamjalala, nitawapeleka kwa yule mzee wa mkuyu mkamsalimie. Jibu la swali lake anzeni kulitafuta njiani.

Dada yako