Kabla ya harambee ya spika mpya, fungueni stoo

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na kamati za maendeleo za makanisa hapa Mombasa, hasa zile zinazojiandaa kuchangisha pesa za vyombo vipya vya sauti. Kabla hamjachapisha kadi za mchango, tafuteni mtu afungue vyombo mlivyonavyo na aangalie ndani.

Nilikuwa fundi wa umeme bandarini Kilindini hadi nilipostaafu, na sasa naabudu katika kanisa moja huku Mikindani. Mitambo yetu ilinunuliwa kwa jasho la waumini. Kuna waliotoa kuku wapigwe mnada. Kisha ikaachwa ijifie. Kufikia mwaka jana ni spika moja tu kati ya nne iliyokuwa ikitoa sauti, nayo ilikoroma. Akina nyanya wanaopenda kukaa nyuma karibu na mlango, wapate upepo, walikuwa hawasikii mahubiri kabisa. Mmoja wao aliniambia kuwa yeye huja kuimba na kusalimia watu, lakini Neno la siku husomewa na mjukuu wake jioni nyumbani. Yaliniuma sana maneno yale. Mama wa miaka hiyo amepanda matatu na Biblia mkononi, amekaa ibada nzima, na anarudi bila kusikia alichojia.

Kamati ilikuwa imekwisha kuletewa makadirio ya shilingi 650,000 ya vyombo vipya. Nikaomba kwanza ufunguo wa stoo.

Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa kazi ya chumvi. Hewa ya bahari huibeba, chumvi huvuta unyevu, na unyevu hutulia juu ya shaba ya jeki za kebo na soketi zake mpaka iote kutu ya kijani. Humo stoo nilikuta pia mende ndani ya amplifaya, vumbi la miaka, na mikseri, meza ya kuchanganyia sauti, iliyofunikwa karatasi ya nailoni na mtu mwenye nia njema. Nailoni huufungia unyevu ndani; shuka kuukuu la pamba lingeikinga vizuri zaidi. Maiki zisizo na waya zilihifadhiwa na betri zake, betri zikavuja, dawa yake ikala vibati vya ndani.

Kazi kubwa ilikuwa usafi. Nilinunua dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya elektroniki, ile inayokauka bila kuacha mafuta, nikapitia kila kitufe cha mikseri hadi kikaacha kukwaruza. Kisha nikapima kebo moja moja kwa mita, kile kifaa cha kupimia stima. Kebo ya maiki ina nyaya mbili ndani na wavu wa waya unaozizunguka kuzikinga. Karibu zote zilikatikia mahali pamoja, shingoni mwa jeki, kwa sababu baada ya ibada watu huzikunja kwa kuzizungushia mkononi hadi kiwikoni, zikajipinda. Ukikata kipande kibovu na kulehemu upya, kebo inafanya kazi. Zilikuwa zimeandikwa kwenye makadirio kuwa ni za kutupwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonitisha. Mitambo ile ilikuwa na mvumo mzito usiokoma. Mvumo wa aina hiyo ni stima yenyewe, ambayo hapa Kenya hupigapiga mara 50 kwa sekunde, na kwetu ulipata njia kwa sababu mikseri ilichomekwa soketi ya nyuma ya ukumbi na amplifaya ikachomekwa kule madhabahuni. Mtu fulani aliamua kuutibu kwa kukata waya wa ethi ndani ya plagi, ule wa kijani na manjano unaopeleka ardhini stima iliyopotea njia. Ni kweli mvumo ulipungua. Lakini waya ule ndio unaomlinda mhubiri. Hitilafu ikitokea ndani ya amplifaya, volti 240 huweza kupanda kwenye bodi yake ya chuma, zikafuata kebo mpaka kwenye maiki ya chuma iliyo mkononi mwa mtu aliyesimama juu ya sakafu ya saruji, pengine iliyopigwa deki asubuhi hiyo hiyo. Nilirudisha waya mahali pake, nikalisha mikseri na amplifaya kutoka sehemu moja, na mvumo ukaisha. Ndugu zangu wa makanisa, fungueni plagi za vyombo vyenu wiki hii. Kama hamna anayejua, mwiteni fundi wa umeme, na mlipeni.

Baada ya hapo tulipanga upya spika. Paa letu ni mabati, kuta ni lipu, sakafu ni saruji, na ukumbi una urefu wa mita 30 hivi. Katika joto letu sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde, kwa hiyo ikienda hadi ukuta wa nyuma na kurudi hutumia kama sehemu moja ya sita ya sekunde, muda ambao mtu anatamka silabi. Mchungaji anapotamka silabi ya pili, ya kwanza ndiyo kwanza inamrudia. Ukiongeza sauti unaongeza na mwangwi, na nyanya kule nyuma anazidi kupotea. Tulizileta spika mbele ya mimbari, tukazipandisha ukutani na kuziinamisha zielekee kwa watu, maana miili na nguo hunyonya sauti ambayo mabati yangeirudisha. Maiki zikaacha kupiga mluzi, kwa kuwa hazikuwa tena mbele ya spika zikijisikia zenyewe. Spika moja tulilazimika kuibadilisha sehemu ya sauti nyembamba. Iliungua kwa sababu taa nyekundu ya amplifaya, ile inayoonya kuwa sauti imezidishwa, iliachwa ikiwaka ibada baada ya ibada.

Mchungaji wetu alikubali kufundishwa kushika maiki, nami namshukuru kwa hilo. Ukiisogeza mdomoni hadi nusu ya umbali uliokuwapo, sauti inapanda kwa desibeli 6 bila kugusa kitufe chochote. Waimbaji ndio wagumu. Bado wanafumbata kichwa cha maiki kwa kiganja.

Kulikuwa na spika nyingine iliyoelekezwa barabarani. Niliomba iondolewe, na haikuwa rahisi, kwani wapo wanaoamini kuwa hiyo ndiyo injili. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zipo, na zinatuhusu sisi wa makanisa pia. Lakini hata zisingekuwapo, mimi nimefanya shifti za usiku bandarini miaka mingi, najua maana ya kulala mchana ukiwa jirani wa spika.

Gharama yote haikufika shilingi 20,000. Kilichobaki ni utunzaji, na hapa ndipo makanisa mengi yanapoanguka: fundi mmoja anajitolea, anahama au anachoka, na mitambo inarudi stoo. Sisi tumeweka vijana wawili. Mmoja ni msichana wa kidato cha tatu, na mkono wake wa kulehemu umetulia kuliko wangu. Mzee mmoja alisema mitambo ni kazi ya wavulana. Nilimjibu mbele ya kamati kwamba aje aione kazi ya binti huyo kwanza. Kila kebo ina namba, kila hitilafu inaandikwa daftarini. Amplifaya huwashwa mwisho na kuzimwa kwanza. Katikati ya wiki vyombo huwashwa kwa muda ili joto lake lifukuze unyevu, na msimu wa masika hatukosi hata wiki moja. Tumeiomba kamati itenge pesa kidogo kila robo mwaka za dawa, betri na risasi ya kulehemu, kwa sababu kujitolea ni kutoa mikono na muda, na kanisa nalo lina fungu lake la kutoa. Wamekubali.

Kwenye viti vyenu wamo wastaafu wa bandari, wa reli na wa karakana za meli ambao hakuna aliyewahi kuwauliza. Waulizeni. Sisi hufungua vyombo Jumamosi asubuhi, baada ya usafi wa kanisa, na kamati yoyote ya huku Mikindani, Magongo au Changamwe inaweza kuleta vijana wake wajifunze kulehemu. Waje na kebo zao mbovu.

Fundi mstaafu,
Mikindani, Mombasa