Wapagazi wa Kariakoo waandikiwe daftari kabla wazee hawajatutoka

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie wasomaji wa Nyanza na Magharibi ambao, kama mimi, walilelewa wakisikia kwamba babu “alikwenda Keya”, yaani King's African Rifles, jeshi la askari Waafrika chini ya Waingereza, bila kuambiwa alipelekwa wapi wala mwaka gani. Kwa miaka minne nimefuatilia habari za wazee wawili wa ukoo wetu hapa Ahero: babu yangu, aliyepigana Burma, na baba yake, aliyechukuliwa kuwa mpagazi wa Kariakoo (Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza) katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Babu nimempata. Baba yake sijampata, na sababu ya tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Babu alifariki bila kusimulia mengi. Alituachia nyota mbili za shaba, na nilipozigeuza nikitafuta jina lake sikuona kitu, kwa kuwa nishani za vita vya pili zilizotolewa na Uingereza kwa kawaida hazikuchongwa majina, tofauti na zile za vita vya kwanza ambazo huwa na nambari, jina na kikosi cha mwenyewe ukingoni. Hata hivyo nyota isiyo na jina ina habari zake. Nyota ya Afrika, yenye utepe wa rangi ya mchanga, ni ya utumishi wa kati ya Juni 1940 na Mei 1943, na askari wetu waliopambana na Waitaliano huko Somalia na Habeshi waliipata; Nyota ya Burma ni ya kati ya Desemba 1941 na Septemba 1945. Kwa hizo mbili pekee tulijua kwamba babu alikuwa jeshini kabla ya katikati ya 1943, na kwamba alifika Asia.

Mengine yote tuliyapata katika kijitabu chake cha kuachishwa jeshi, ambacho nyanya alikihifadhi katika sanduku la bati chini ya risiti za kodi ya kichwa. Kilikuwa na nambari yake ya askari, kikosi, wilaya, lokesheni na jina la chifu. Jina la baba yake lilikuwa limeandikwa kwa herufi ambazo hakuna mtu wa nyumbani angezitambua, maana karani aliandika alivyosikia. Ndiyo maana nawasihi wasomaji waanze na nambari. Kwetu Waluo mtoto wa usiku ni Otieno, wa mvua ni Okoth, wa jioni ni Odhiambo, na ukimtafuta Otieno bila nambari wala lokesheni utawapata wengi kiasi cha kukata tamaa. Wakumbuke pia kwamba wilaya zilibadilishwa majina: anayetafuta habari za mtu wa Kakamega katika nyaraka za wakati wa vita atafute Kavirondo ya Kaskazini, nasi wa huku tutafute Kavirondo ya Kati.

Babu alikuwa katika batalioni ya 11 ya Keya, iliyokuwa ya Kenya, ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 1944 ilisonga kupitia Bonde la Kabaw katikati ya mvua kubwa na malaria hadi Kalewa, na mwezi Desemba ikavuka mto Chindwin. Shajara za vita za vikosi hivyo zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London. Ndani yake maafisa wa Kizungu hutajwa kwa majina na askari Waafrika mara nyingi kwa idadi tu, jambo lililoniumiza, lakini hueleza siku baada ya siku kikosi kilikuwa wapi. Nilipozilinganisha na maneno ya nyanya kuhusu tope lililomeza magari, nilielewa babu alikuwa akimsimulia mahali gani.

Familia ambazo mzee wao alikuwa askari wa mizinga, nazo zikaambiwa tu kwamba alipotea baharini, zichunguze tarehe 12 Februari 1944. Siku hiyo meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi, na watu zaidi ya 1,200 wakafa. Majina ya askari wetu waliokuwamo yapo kwenye mnara wa kumbukumbu katika makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi.

Sasa nirudi kwa baba yake babu. Hakuwa na nambari tunayoijua, hakupewa kijitabu, na mshahara aliousubiri mkewe haukufika. Jina la Kariakoo limebaki kwenye soko la Nairobi, na katika barabara ya Kenyatta ipo sanamu ya mpagazi pamoja na askari wawili, yenye maandishi yanayowataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Jina la mpagazi hata mmoja halimo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Orodha nyingi za watu hao ama hazikuandikwa ama zilipotea, kwa hiyo wengi wao majina yao yamebaki midomoni mwa wazee wa vijijini, na wazee hao wanapungua kila mwaka.

Ombi langu kwa serikali za kaunti za eneo letu ni kwamba maktaba zake, zikishirikiana na vituo vya kumbukumbu vya Kisumu, Kakamega na Nakuru, zifungue daftari ambamo familia zitaandikisha jina la mpagazi au askari wao, kijiji, chifu wa wakati ule, na nani aliyesimulia. Majina ya watoto nayo yaandikwe, maana anayeitwa Keya au Panyako (kutokana na Pioneer Corps, kikosi cha kazi cha jeshi) mara nyingi alizaliwa wakati mtu wa nyumbani akiwa vitani, na umri wake husaidia kukadiria mwaka.

Ukurasa wa baba yake babu nimekwisha kuuandika. Una jina lake, la baba yake, la kijiji chake, na majina ya vijana wanne waliochukuliwa pamoja naye siku moja. Wajukuu wa hao wanne bado nawatafuta.

Mjukuu wa askari wa Keya,
Ahero, Kaunti ya Kisumu